Mistari Mitatu ya Fundi Chokaa

Mtu wa kwanza niliyemwona anauogopa mto wetu alikuwa mwanamume mzima, ana ndevu, amevaa kanzu. Alisimama pale ukingoni mwa Themi, maji yakamrukia kidole tu cha mguu, akaikunja kanzu kwa mikono miwili akarudi nyuma hatua tatu kama mtu aliyeona nyoka. Sisi watoto tulicheka! Tulicheka mpaka mmoja wetu akateleza akaingia majini, na huyo huyo mwenye kuogopa akajitupa na kanzu yake akamtoa, akampigapiga mgongoni akatapika maji. Kisha akarudi zake nyuma hatua tatu, akaendelea kuogopa. Ndivyo alivyokuwa. Tulimwita Fundi Chokaa.

Jina alikuwa nalo, nani hana jina? Lakini sisi hatukulitumia, na mimi silitumii leo. Msiniulize baba yake nani. Kwao pwani, basi. Pwani gani, sijui. Kwetu pwani ilikuwa moja tu, kule ambako maji yana chumvi na watu wanakula samaki. Koko wangu, yaani bibi yangu mzaa baba, alisema samaki ni nyoka aliyeshindwa kutoka majini, na mtu anayemla hawezi kuwa na akili timamu. Kwa hiyo kabla Fundi hajafungua mdomo, kwa koko alishahukumiwa.

Alikuja na Mdachi. Mdachi alikuwa anajenga Boma, na Boma lilitaka chokaa, na sisi watu wa huku tulijua kujenga kwa udongo na mavi ya ng'ombe, chokaa hatukuijua. Baba yangu na wanaume wengine wakakamatwa kubeba mawe. Fundi yeye alikuwa na tanuri lake juu ya ukingo wa mto, anapanga magogo, anapanga mawe meupe juu yake, anawasha siku mbili tatu mpaka mawe yanakuwa unga. Mikono yake, jamani! Ilipasukapasuka kama gome la mti, na ndani ya kila mpasuko kuna mstari mweupe. Ukimwamkia unafikiri umeshika mti.

Kwetu mtoto alikuwa hasemi salamu kwa mdomo. Unakwenda kwa mkubwa unainamisha kichwa, anakigusa kwa kiganja, imekwisha. Siku ya kwanza nilipomwinamishia Fundi Chokaa, akakishika kichwa changu akaanza kunipekua nywele.

"Una chawa, mwanangu?"

"Hapana!"

"Basi unaniletea kichwa nikifanyie nini?"

Mkewe aliyekuwa anamenya ndizi mlangoni alicheka mpaka kisu kikamwanguka. "Kiguse, wewe mwanamume! Kiguse tu umwachie aende!" Akakigusa. Tangu siku hiyo akawa anapenda kuvigusa kweli, kila mtoto anayepita, na kila kichwa alichogusa kilibaki na alama nyeupe ya kiganja. Mama zetu wakawa hawana haja ya kuuliza. Ukirudi na kiganja kichwani, umetoka mtoni, unapigwa.

Huyo mkewe alikuwa Mmeru, wa huko upande wa Makumira. Mfupi, mweusi wa kung'aa, mcheshi kuliko watu wote wa bondeni. Hawakuwa na mtoto. Yeye ndiye aliyekuwa mkalimani wake, maana Kiswahili chetu sisi kilikuwa cha kuokota, na cha Fundi kilikuwa kirefu, kinakwenda kinapanda kinashuka. Mimi Kiswahili nimefundishwa na wale wawili. Shule sikukaa, nilikwenda kwa Wamisheni miezi michache nikaja kuchunga mbuzi. Kwa hiyo mkisikia mahali nasema kama mtu wa pwani na mahali nasema kama Mmeru, mjue ni nyumba ile.

Nyumba yenyewe sasa. Hii ndiyo iliyokuwa inatuchekesha zaidi. Sisi nyumba zetu zilikuwa za mviringo, nyasi mpaka chini. Yeye akajenga ya pembe nne, kuta kazipaka chokaa, inaonekana toka mbali kama jino. Kizingiti cha mlango kakiinua mpaka goti langu, kuingia unaruka. Juu ya paa kapitisha kamba nne nene, kila kamba kafunga kwenye kigingi kilichochimbiwa chini, kama vile nyumba ni ng'ombe anayeweza kutoroka. Na ndani kaweka dari. Dari ya miti iliyobanwa, na ngazi ya kupandia, na huko juu kuna chungu cha maji ya kunywa, kibuyu cha unga, mkeka, na kamba nyingine tena.

"Hii ya nini?" baba alimwuliza.

"Maji yakija."

"Maji yaje wapi?"

"Popote, kaka. Maji hayaulizi njia."

Mkewe alikuwa anaivishia ndizi huko darini. "Mimi nimeolewa na kuku," anasema. "Kila siku ananiambia, maji yakija upande juu. Haya, ngazi unaifanyaje, mume wangu?" Na Fundi, hata kama anakula, anajibu kama anaswali: "Ukishafika juu, ivute ngazi, maji yasiichukue. Kaa. Usishuke. Ngoja yapwe." Alimfundisha hivyo mara ngapi! Hata sisi tulikuwa tunaijua. Tulikuwa tunaicheza: mmoja anakuwa maji, mmoja anapanda juu ya jiwe anavuta fimbo, anasema, "Nangoja yapwe!"

Kupwa. Hilo neno lilikuwa lake. Kwao, alisema, bahari inajaa na inapwa, inajaa na inapwa, kila siku ya Mungu. Lakini kuna miezi inajaa kupita kiasi, na pepo zikiisukuma inaingia mpaka uani kwa watu. Ilikula nyumba ya baba yake. Ikala na nyumba yake ya kwanza. Msikiti wa mtaani kwao ulibaki ngazi tu, zinashuka zinaingia majini, na kaa wanapanda. Alitueleza wanavyojitayarisha: wanapigilia miti ya mikoko ufukweni safu mbili, wanajaza mawe katikati, wanafunga mapaa, chakula kinakaa darini, wazee wanapita nyumba hadi nyumba siku tatu kabla mwezi haujawa mpevu, wanapiga kelele, toeni watoto vyumba vya chini. Kila kizazi kinajenga nyuma ya kizazi kilichopita. Hata makaburi walihamisha. Hilo la makaburi lilinifanya nisilale. Nilikuwa nawaona watu wamebeba babu zao kwenye vikapu, wanatembea polepole, na nyuma yao maji yanakuja polepole vilevile.

"Lakini hupwa," Fundi alikuwa anamaliza. "Hiyo ni ahadi ya Mwenyezi Mungu. Kikijaa, hupwa."

Alilitumia kwa kila kitu. Njaa ikiingia: itapwa. Baba alipochapwa viboko vya Boma, kakaa wiki hawezi kukaa chini, Fundi alimpelekea samli ya kupaka akamwambia, "Vumilia kaka, na hawa Wadachi watapwa." Baba akacheka huku analia. Basi na sisi tukalichukua. Mpaka leo, mkinisikia nasema itapwa, si Kiarusha hicho.

Mtu mmoja tu hakulipenda, koko wangu. Koko alikaa juu, mwendo wa kupanda kidogo kutoka kwetu, kwenye migomba, na akishuka ni kuja kugombana. Alikuwa anatembea na fimbo, mgongo umepinda, ulimi umenyooka.

"Wewe mtu wa chumvi," anamwambia, "ulikimbia nini kwenu?"

"Bahari, bibi. Nimepanda huku juu ili inipoteze."

"Na umejenga wapi?"

Fundi anaona haya. "Mtoni."

"Mtoni! Mtu anamkimbia simba, anakwenda kulala kwenye mkia wake."

"Bibi, sipati usingizi nisiposikia maji. Nilijaribu kulala kule juu kwenye Boma. Kimya. Nilikaa macho mpaka asubuhi, nikadhani nimekufa."

Koko alicheka siku hiyo, na kucheka kwake kulikuwa nadra. Lakini akamwambia neno, na mimi nilikuwepo, nimeshika mkia wa mbuzi: "Mlima haupwi."

Fundi akajibu kwa adabu, "Maji ni maji, bibi."

Na kuna jambo lingine koko alikuwa analiona, na Fundi hakuliona, au aliliona akanyamaza. Tanuri lile lilikuwa linakula miti. Kila wiki wanaume wanapelekwa msituni juu, wanakata, wanaviringisha magogo mpaka mtoni. Miti ambayo mababu walikuwa hawaigusi. Ukisimama kwenye migomba ya koko ukatazama juu, unaona mteremko mmoja umebaki udongo mwekundu, kama mbuzi aliyechunwa ubavu. Koko alikuwa anauonyesha kwa fimbo: "Unauvua mlima nguo, halafu unashuka kupaka jiwe mistari."

Nimefika kwenye mistari.

Katikati ya mto, chini kidogo ya nyumba yake, palikuwa na jiwe kubwa kama ng'ombe aliyelala. Fundi alilipaka mistari mitatu ya chokaa. Wa chini akauita mstari wa mbuzi: maji yakigusa hapo, mbuzi wote wapandishwe juu. Wa kati, mstari wa vyungu: toa chakula, toa vyombo. Wa juu, mstari wa watoto: shika mtoto, kimbia, usiangalie nyuma. Kila baada ya mvua anaingia majini, kajifunga kibuyu kitupu kiunoni asizame, anaogopa mpaka meno yanagongana, anaipaka upya. Na sisi watoto wa bondeni akatufunga vibuyu vilevile tunapochezea mtoni. Mbuzi mmoja naye akafungwa. Watu walikuwa wanakuja toka mbali kutazama mbuzi mwenye kibuyu.

Walicheka, lakini mnajua binadamu. Anacheka huku anaangalia. Taratibu kila mwanamke wa bondeni akawa hawezi kuchota maji bila kutupa jicho kwenye jiwe. Mama yangu, aliyekuwa anamwita kichaa, nilimsikia anamwuliza jirani, "Leo mbuzi ni mkavu?" Yaani mstari wa mbuzi. Tukawa tunaliamini lile jiwe kama watu wanavyoamini saa.

Mwaka ule masika yalikuja na hasira. Ilinyesha, ikanyesha, kuni zikaota uyoga. Mama alikuwa amejifungua mdogo wangu wa kiume, bado mwekundu. Siku ya kwanza maji yakagusa mstari wa mbuzi. Fundi akapita nyumba hadi nyumba, kama wazee wa kwao, kanzu imelowa imemganda: "Mbuzi! Mbuzi juu!" Na watu, haki ya Mungu, wakapandisha mbuzi. Kesho yake mstari wa vyungu ukazama. Tukatoa vyombo. Jioni ile maji yakawa yanaulamba wa tatu, na Fundi akasema hangoji, watoto na mama zao wote waende kwenye migomba ya koko. Tukaenda. Nyumba sita, tumejaa kwa koko kama maharage kwenye chungu, moshi, vichanga vinalia, na koko anatukana watu wote bila ubaguzi huku anawapikia.

Tulilala huko siku mbili. Hakuna aliyekufa, hakuna hata kuku aliyekufa. Mama alisema mbele ya watu, "Yule kichaa ametuokoa." Na mkewe Fundi akajibu, "Kichaa ni wangu, msimzoee," watu wakacheka. Fundi mwenyewe alikaa pembeni, uso unang'aa. Nadhani ndiyo siku aliyokuwa na furaha kuliko zote, tangu bahari ilipokula nyumba yake.

Asubuhi ya tatu jua likatoka. Jua lile la baada ya mvua, majani yanametameta, ndege wamechanganyikiwa. Fundi akashuka kutazama jiwe. Akarudi mbio, mikono juu.

"Yamepwa! Yote! Mstari wa mbuzi uko wazi, na chini yake kiasi cha dhiraa nzima naona jiwe ambalo sijapata kuliona! Si niliwaambia? Kikijaa hupwa!"

Watu wakapiga vigelegele. Siku mbili mmelala goti kwa goti, mnataka nini tena? Wanawake wakashuka kufagia matope. Mama akamfunga mtoto mgongoni akashuka. Mkewe Fundi akashuka, ana ndizi za kurudisha darini. Fundi akabaki kwenye tanuri lake juu ya ukingo, anaangalia kama limeharibika.

Koko hakuwepo, wala mimi; hayo nilisimuliwa baadaye. Alikuwa ametoka mapema na mimi kuwatafuta mbuzi, ambao walikuwa wamejipandia juu zaidi wenyewe, hawataki kushuka. Hilo nalo lingetosha kuwa neno kwa mtu mwenye masikio. Tulikuwa tunatembea, mimi nazungumza, mnanijua. Koko akasimama.

"Nyamaza."

Nikanyamaza.

"Unasikia nini?"

Nikasikiliza. "Sisikii kitu, koko."

"Ndiyo," akasema. "Mto uko wapi?"

Ndipo nilipoelewa kitu ambacho tangu kuzaliwa kilikuwa masikioni mwangu, usiku na mchana, hakipo. Themi haikuwa inalia. Jua linawaka, ndege wanaimba, na nyuma yao hakuna kitu, kama nyumba ambayo mtu ametoka sasa hivi.

Koko akaitupa fimbo. Mgongo ule uliopinda, sijui aliunyoosha kwa nguvu gani, alikimbia mimi nikashindwa kumfuata. Alikuwa anapiga kelele kwa Kiarusha, "Mlima umeukaba mto koo! Tokeni! Mlima umeukaba koo!" Kule juu, kwenye ule ubavu uliochunwa, udongo ulikuwa umeporomoka na magogo yake ukaziba mto. Maji yalikuwa hayajapwa. Yalikuwa yamesimama nyuma ya udongo, yanajikusanya, toka alfajiri.

Tukamkuta Fundi kwenye tanuri. Akamkimbilia koko, anafikiri mzee amepatwa na kitu.

"Waite watu! Waite!" koko anasema.

"Bibi, tulia, tazama jiwe. Tazama mistari."

"Mlima haujui mistari yako!"

Fundi akamtazama. Kisha akainua uso kutazama juu ya mto, pale unapokata kona, na nikamwona ananusa. Harufu ilikuwa imefika kabla ya sauti. Harufu ya udongo mbichi, ya mizizi, kama kaburi jipya. Akageuka akapiga ukelele ambao sijausikia tena maishani: "Tokeni! Tokeni! Pandeni juu! Tokeni!"

Wanawake walikuwa wameshazoea sauti ile. Walitupa mafagio wakapanda. Nilimwona mama anatambaa kwa mikono na magoti ukingoni, mdogo wangu kichwa kinamning'inia mgongoni, na baba anamvuta kwa nywele. Wote wa nyumba tano walipanda, kwa sababu nyumba tano hazikuwa na dari.

Mkewe Fundi alitoka mlangoni. Nyumba yao ndiyo iliyokuwa karibu na mto kuliko zote. Akatazama njia ya kupanda, akatazama kona, na sasa sauti imefika, kama ng'ombe wa nchi nzima wanakimbia pamoja. Fundi anamwita, "Njoo! Njoo!" na sijui kama alisikia njoo au alisikia ile aliyoizoea kila siku wakati wa kula. Alitupungia mkono. Akageuka akaruka kile kizingiti kirefu akaingia ndani. Kuta zile zilikuwa na dirisha dogo juu chini ya paa. Tuliona ngazi inavutwa, inapanda, inapanda, miguu yake inapotea. Akaivuta vizuri kabisa. Maji yasiichukue.

Hayakuwa maji, jamani. Yalikuwa mawe na miti na udongo, na maji kidogo ya kuvisukuma. Zile kamba nne za paa zilishika. Nawaambia kweli, zilishika, paa lilibaki limefungwa kwenye nyumba, na nyumba ikaenda nalo.

Yakapita. Muda wa mtu kula ndizi moja. Fundi alikuwa amesimama mikono imenyooka mbele, na koko amemshika kiuno kwa nyuma asijitupe, bibi mzee yule, akamshika mpaka wanaume walipofika.

Mkewe hawakumpata. Lile jiwe la mistari walilikuta mbali sana chini, limepinduka, kichwa chini miguu juu. Mstari wa watoto uko chini kabisa unagusa mchanga, na wa mbuzi uko juu.

Baada ya hapo Fundi Chokaa hakuwasha tanuri tena. Boma walimtafuta, hakuonekana. Wengine walisema amerudi pwani, wengine walisema mambo mengine. Koko alikataza watu wasilisemee jambo lile. "Aliwatoa siku ya kwanza," alikuwa anasema, "na mimi niliwatoa siku ya tatu. Hakuna mmoja aliyetosha."

Mimi nikakua, nikaolewa huko Oldonyo Sambu, upande wa nyuma wa mlima, kukavu, vumbi, ng'ombe wanatafuta maji siku nzima. Nilikuwa na mtoto mmoja wakati vita vya Wadachi vilipokuwa vinakwisha huku kwetu. Tulikuwa tunawaona askari wao wanapita wamechoka, hawachapi mtu tena. Siku moja niko na punda natoka kuteka maji mbali huko, nikaona kibanda. Cha mviringo, kifupi, nyasi mpaka chini kama chetu. Juu kwenye mwinuko, mahali ambapo hakuna mtu mwenye akili angejenga, ni upepo mtupu. Na mzee amekaa mlangoni. Nikaijua mikono kabla ya uso.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba. Nani?"

Nikainamisha kichwa. Mke wa mtu, na mtoto mgongoni, nikainamisha. Akakigusa. Akakaa nacho muda mrefu.

"Wewe ulikuwa na chawa," akasema.

Tukacheka, mimi nikalia, akanikaribisha ndani. Hamna dari. Nilitazama juu jambo la kwanza, na yeye akaniona natazama. Kulikuwa na mkeka, jiko la mawe, na chungu kimetundikwa kwenye nguzo kwa kamba. Chungu kile kilikuwa kimetobolewa tundu dogo chini, na maji yanadondoka kwenye kibakuli cha bati. Ti. Ti. Ti. Kibakuli kikijaa, anayarudisha chunguni. Maji yaleyale. Maana Oldonyo Sambu huwezi kupoteza hata tone.

"Wadachi wamepwa, Fundi," nikamwambia, ili niseme kitu.

Hakucheka. Nadhani neno lile alikuwa halitumii tena.

Akaniuliza habari za mama, nikamwambia yupo. Za yule mdogo wangu, nikamwambia anachunga, ana nguvu. Za koko, nikamwambia amefariki. Akainama. Kisha akauliza, polepole, kama mtu aliyekaa na swali miaka mingi analisafisha:

"Yeye alijuaje?"

"Aliacha kuusikia, Fundi. Mto ulinyamaza."

Ti, ti, chungu kinasema.

"Mimi niliusikia," akasema. "Ule ukimya. Niliamka nao alfajiri, kabla sijakwenda kutazama jiwe. Mwanangu, tangu utoto wangu sijawahi kulala nisisikie maji yananifuata. Asubuhi ile yalinyamaza." Akaipangusa mikono yake magotini, ile mikono. "Nilifurahi. Nikamwamsha mke wangu, nikamwambia sikiliza, yameniacha."

Nikamfungua mtoto mgongoni, nikamweka chini.

Tulikaa hivyo, mtoto wangu anachezea mchanga, na kile chungu kikaisha. Tone la mwisho likaanguka, halafu hakuna. Fundi alikuwa katikati ya neno, ananiambia kuhusu punda. Akalikata. Akasimama, mzee yule, magoti yanalia, akatoka nje. Na mimi nikajikuta nimemnyakua mtoto, nimetoka, nimesimama pembeni yake. Jua kali, anga tupu, korongo chini yetu ni kavu halijaona maji miezi. Tukatazama mlima, wote wawili, mpaka aliporidhika. Kisha akaingia akajaza chungu.

Nilipofika nyumbani nilijigusa kichwani nikatazama kiganja. Hakuna cheupe.

Sasa niko hapa mtaa wa Sakina kwa mwanangu, magari ya Nairobi yanapita usiku na mchana, na nyuma ya nyumba kuna mfereji unaotoka mlimani. Wajukuu wananicheka. Mfereji ukinyamaza wakati wowote, hata nikiwa nimeshika kijiko, natoka nje natazama juu. Wananiambia, "Bibi, ni mtu tu amefunga maji huko juu anamwagilia." Najua. Karibu kila mara ni mtu tu amefunga maji. Ila nikirudi ndani, nawahesabu kwanza, ndipo nakaa.